Nani Alimnyonyesha Nani

Kila Mwislamu anajua kwamba mtu haoi mama yake, dada yake, shangazi yake wala mpwa wake. Sheria hiyohiyo inamkataza kumwoa mwanamke aliyemnyonyesha utotoni, binti wa mwanamke huyo, na dada zake pia, ingawa hawachangii hata tone la damu. Mambo ya damu yana mashahidi wake: ukoo unajua, jirani anajua, na sura za watu zinasema. Maziwa hayana alama. Mtoto akishaachishwa ziwa, kilichobaki ni kumbukumbu ya mwanamke mmoja, pengine wawili watatu waliokuwapo. Historia ya katazo hili ni historia ya watu waliojaribu kujenga sheria nzito juu ya kumbukumbu hiyo.

Makka na jangwa lake, karne ya 6

Makka ilikuwa mji wa biashara, wenye joto na misafara isiyokwisha, na misafara ilikuja na maradhi yake. Koo za Kikureshi zilizojiweza ziliwapeleka watoto wachanga kwa wanawake wa makabila ya wafugaji, wakakae huko miaka miwili au zaidi. Walitafuta hewa safi, walitafuta Kiarabu fasaha cha jangwani, na walipata udugu na kabila ambalo huenda siku moja wangelihitaji. Kwa wanyonyeshaji hiyo ilikuwa riziki, na mlipaji alikuwa baba wa mtoto. Ndiyo sababu wasimulizi wa sira wanaeleza kuwa wanawake wa Banu Saad walipofika Makka kutafuta watoto, yatima aliyeitwa Muhammad hakuwa chaguo la yeyote. Halima binti Abi Dhuaib alimchukua kwa kuwa hakupata mwingine, na hakutaka kurudi mikono mitupu.

Kabla ya Halima, mtoto huyo alinyonyeshwa siku chache na Thuwaiba, mjakazi wa ami yake Abu Lahab. Thuwaiba alikuwa amewahi kumnyonyesha Hamza, ami mwingine wa mtoto, na akamnyonyesha pia Abu Salama. Hakuna aliyeandika lolote, na hakukuwa na haja. Lakini maziwa ya mjakazi huyo yangekuja kuzuia ndoa mbili zaidi ya nusu karne baadaye.

Madina, 622 hadi 632

Waarabu walikuwa tayari na heshima kwa mama wa kunyonya. Uislamu uliifanya heshima hiyo kuwa sheria ya ndoa. Aya ya 23 ya Suratun-Nisaa, iliyoteremka Madina, inawataja wanawake walioharamishwa, na baada ya wale wa nasaba inawataja wawili wa maziwa: mama aliyenyonyesha na dada wa kunyonya. Wawili tu. Yaliyobaki yalijazwa na matukio, moja baada ya jingine, watu walipomjia Mtume (S.A.W.) na mambo yao ya nyumbani.

Hamza aliuawa Uhud mwaka 625 akaacha binti. Mtume alipopendekezewa amwoe alikataa: binti huyo alikuwa mtoto wa ndugu yake wa kunyonya. Hapo ndipo ilipotoka kanuni kwamba kunyonya kunaharamisha kile kinachoharamishwa na nasaba. Mara nyingine mkewe Ummu Habiba alimwambia kuna uvumi kwamba anataka kumwoa binti wa Ummu Salama. Alijibu kuwa hata asingekuwa mtoto wa mkewe asingemwoa, kwa kuwa yeye na Abu Salama, baba wa binti huyo, walinyonyeshwa na Thuwaiba. Kutoka mama na dada, duara likawa limefika kwa mpwa.

Likapanuka tena mlangoni kwa Bibi Aisha. Mtu aliyeitwa Aflah aliomba ruhusa ya kuingia, naye akamzuia. Aflah alikuwa ndugu wa Abul-Quais, ambaye mkewe alikuwa amemnyonyesha Aisha. Hoja ya Aisha ilikuwa ya wazi: aliyeninyonyesha ni mwanamke, huyu mwanamume ananihusu nini? Mtume akamwambia amruhusu, kwa kuwa ni ami yake. Maana yake ni kwamba maziwa yana baba pia, yule mume ambaye kwa mimba yake maziwa yalishuka, na ndugu wa mume huyo ni ami, na watoto wake wa mke mwingine ni ndugu. Baadhi ya wanazuoni wa vizazi vilivyofuata walilikataa jambo hili wakisema maziwa ni ya mwanamke peke yake. Wakashindwa, na kuanzia hapo mnyonyesho wa mwanamke mmoja uliunganisha koo mbili nzima.

Kisa ambacho mimi nakiona kuwa kizito kuliko vyote ni cha Uqba bin al-Harith. Uqba alimwoa binti wa Abu Ihab. Harusi imekwisha, watu wamekula, akatokea mwanamke mweusi, mjakazi, akasema: nyinyi wawili niliwanyonyesha mimi. Uqba akamwambia hajui kama alimnyonyesha na hakuwahi kumwambia. Mwanamke huyo hakuwa na shahidi mwingine. Uqba alipanda mnyama wake akasafiri kutoka Makka hadi Madina, mwendo wa siku nyingi, kwenda kuuliza. Mtume alimjibu kwa swali: utaishije naye na jambo limekwisha kusemwa? Wakaachana, na yule binti akaolewa na mwingine.

Neno la mjakazi mmoja, katika jamii ambayo mjakazi hakuwa na sauti katika mambo mengi, lilivunja ndoa ya watu waungwana. Mafakihi wa baadaye walisumbuka sana na kisa hiki. Wengine walisema hiyo ilikuwa hukumu. Wengine, akiwamo Shafii, walisema ulikuwa ushauri wa uchamungu, wala si hukumu ya mahakama. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inahusu iwapo mwanamke anayekumbuka peke yake anatosha.

Mwanzoni mwa mwaka 630 maziwa yaliingia hata vitani. Kabila la Hawazin, ambalo Banu Saad ni tawi lake, lilishindwa Hunain, na kwa kuwa kiongozi wao aliwaleta wake na watoto uwanjani ili wanaume wasikimbie, mateka wapatao 6,000 walikamatwa. Miongoni mwao alikuwapo mwanamke mzee aliyesema yeye ni dada wa Mtume. Alikuwa Shaimaa, binti wa Halima. Akatakiwa dalili, akaonyesha alama mgongoni, mahali ambapo mtoto Muhammad alimng'ata alipokuwa amembeba. Ni mara moja tu katika historia hii ambapo udugu wa kunyonya umekuwa na kovu la kuonyesha. Alitandikiwa joho akae, akapewa hiari ya kubaki au kurudi kwao, akarudi na zawadi. Wajumbe wa Hawazin walipofika baadaye Ji'rana, mateka walikozuiliwa, walikumbusha kwamba katika vizuizi vile wamo shangazi, mama wadogo na walezi wa Mtume. Akaachia fungu lake na la ukoo wake, na masahaba wengine wakafuata. Mateka wakarudishwa.

Kisa cha mwisho cha Madina ndicho kilicholeta mzozo mrefu. Abu Hudhaifa na mkewe Sahla walimlea Salim kama mtoto wao. Qurani ilipofuta desturi ya kumwita mtoto wa kulea kwa jina la mlezi, Salim aliyekuwa mwana akawa mgeni ndani ya nyumba, tena mwanamume mzima mwenye ndevu. Sahla akaenda kulalamika kwa Mtume, naye akaambiwa amnyonyeshe ili awe maharimu wake, yaani mtu asiyeweza kumwoa na hivyo anayeruhusiwa kuonana naye. Bibi Aisha alikichukua kisa hiki kuwa kanuni inayoweza kutumika tena. Wake wengine wa Mtume walikikataa katakata: walisema ilikuwa ruhusa ya Salim peke yake. Umma karibu wote uliwafuata hao wengine.

Kuhesabu, 632 hadi 855

Baada ya Mtume, swali la kwanza lilikuwa umri, la pili idadi. Katika *Muwatta* ya Malik kuna visa vinavyoonyesha watu wakijifunza sheria huku wakikosea. Mtu mmoja alimeza maziwa ya mkewe akamwendea Abu Musa al-Ash'ari, naye akamwambia mke amekuwa haramu kwake. Ibn Mas'ud akasema hapana, kunyonya ni kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Abu Musa alikubali na kuwaambia watu wasimuulize yeye tena ilhali mwanazuoni yule yupo. Kisa kingine kina ujanja wa nyumbani: mwanamke aliyemwonea wivu mjakazi wa mumewe alimnyonyesha, kisha akamtangazia mumewe kwamba sasa ni binti yake. Umar bin al-Khattab hakukubali. Mwanamke aadhibiwe, alisema, na mjakazi abaki kama alivyokuwa, kwa kuwa kunyonya ni kwa mdogo. Ni wazi wanawake walikwisha kuelewa kwamba kifuani mwao mna silaha ya kisheria.

Kuhusu idadi, Bibi Aisha alipokea kwamba hapo mwanzo zilikuwa mara kumi, zikafutwa kwa mara tano. Alimpeleka Salim mwingine, mjukuu wa Umar, akiwa mchanga kwa dada yake Ummu Kulthum anyonyeshwe mara kumi, ili akikua aweze kuingia kwake. Ummu Kulthum alimnyonyesha mara tatu, akaugua. Hazikutimia. Salim akakua, akawa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, na mlango wa Aisha haukufunguka kwake.

Karne ya 8 na ya 9 hesabu hizi ziligeuka madhehebu. Abu Hanifa (alifariki 767) na Malik (795) walisema kiasi chochote kinatosha, hata tone likifika tumboni, kwa kuwa Qurani haikutaja idadi. Shafii (820) na Ahmad bin Hanbal (855) walishika mara tano. Dawud wa madhehebu ya Dhahiri alisema tatu. Mafakihi wa Kishia wa madhehebu ya Jaafari walidai kunyonya mara 15 mfululizo, au usiku na mchana mzima, au kiasi cha kuotesha nyama na kuimarisha mfupa, tena moja kwa moja kutoka kwenye titi. Kuhusu umri, wengi walisema miaka miwili, Malik akaongeza mwezi au miwili, Abu Hanifa akafikisha miezi 30, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakampinga wakarudi kwenye miwili.

Wanafunzi hao wawili, Abu Yusuf na Shaibani, walijadili pia jambo ambalo lilionekana la kinadharia tupu: maziwa ya wanawake wawili yakichanganywa, mtoto ni wa nani? Abu Yusuf alisema wa yule ambaye maziwa yake ni mengi zaidi. Shaibani alisema wa wote wawili. Wenzao wa Iraki yamkini waliwaona wanapoteza muda.

Ushahidi ndio uliowagawa zaidi. Mafakihi wa Kihanafi walitaka wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, wakisema maharimu wa kiume anaweza kuona mtoto akinyonyeshwa. Hoja hiyo inasikika kama ya mtu ambaye hakuwahi kukaa chumba cha mzazi. Wamaliki walikubali wanawake wawili ikiwa habari ilikwisha kuenea kabla ya ndoa. Shafii alikubali wanawake wanne bila mwanamume yeyote, na mnyonyeshaji mwenyewe anaweza kuwa mmoja wao ikiwa hadai ujira. Ahmad alirudi kwa mjakazi wa Uqba: mwanamke mmoja mwaminifu anatosha. Kwa Washafii kuna kanuni nyingine iliyowaokoa wengi, kwamba shaka haiharamishi. Akijulikana mnyonyeshaji lakini isijulikane kama zilikuwa nne au tano, ndoa inabaki, ingawa mcha Mungu atajiepusha.

Ndiyo fiqhi iliyofika pwani yetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Washafii, na *Minhaj* ya Imamu Nawawi ikawa kitabu cha makadhi wa Zanzibar na Lamu, hata chini ya masultani waliokuwa Waibadhi. Mara tano, zenye kumshibisha mtoto, chini ya miaka miwili: wazee wa kike wa pwani wanaijua hesabu hii bila kufungua kitabu, na posa inapoletwa ndio wanaoulizwa kwanza.

Maziwa ikulu, 803 na 1562

Sheria iliyazuia maziwa yasizidi mipaka: yanaharamisha ndoa na kuhalalisha kuonana, lakini hayarithishi wala hayalazimishi matunzo. Watawala walitaka zaidi ya hapo. Uthman bin Affan alimwombea ndugu yake wa kunyonya, Abdullah bin Saad, asiuawe Makka ilipotekwa, na alipokuwa khalifa akampa utawala wa Misri. Harun ar-Rashid na Fadhl wa ukoo wa Barmaki walizaliwa kwa kupishana siku chache, na mama zao wakabadilishana kuwanyonyesha, kila mmoja mtoto wa mwenzake. Harun alimwita Yahya, baba yake Fadhl, kwa jina la baba, akamwachia serikali yote mwaka 786. Mwaka 803 aliuangusha ukoo huo usiku mmoja. Jaafar, mdogo wake Fadhl, alikatwa kichwa, na Fadhl akafia gerezani mwaka 808. Hakuna fakihi aliyeweza kusema kwamba sheria imevunjwa, kwa sababu haikuvunjwa.

India ya Wamughal ilikwenda mbali zaidi, wanyonyeshaji wa mfalme wakawa na vyeo na waume wao wakawa mawaziri. Mei 1562, Adham Khan, mwana wa Maham Anga aliyemlea Akbar, alimuua Ataga Khan, mume wa mnyonyeshaji mwingine, ndani ya jumba la Agra. Akbar, kijana wa miaka 19, akaamuru ndugu yake huyo atupwe kutoka barazani. Hakufa, akapandishwa akatupwa tena. Maham Anga alifariki siku 40 baadaye. Lakini Aziz Koka, mwana wa Ataga, aliasi na kusamehewa mara kadhaa, na Akbar alikuwa akisema kwamba kati yao umepita mto wa maziwa asioweza kuuvuka.

Chupa isiyo na jina, 1909 hadi 2024

Mwaka 1909 hospitali moja ya Vienna ilianza kukusanya maziwa ya akina mama kwa ajili ya watoto wagonjwa, na mwaka uliofuata Boston ikafanya vivyo hivyo. Benki za maziwa zilienea Ulaya na Marekani. Faida yake kwa watoto njiti haina ubishi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya kuchangwa pale ambapo ya mama hayapatikani. Lakini namna zinavyofanya kazi ni kama zilibuniwa kumkera fakihi. Maziwa ya wachangiaji kadhaa huchanganywa pamoja ili virutubisho vilingane, hupashwa moto kuua vijidudu, hugandishwa, na chupa hutoka na namba. Swali la Abu Yusuf na Shaibani likawa la kila siku wodini.

Mwaka 1983, katika mkutano uliofanyika Kuwait, Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu benki hizo. Alijenga hoja juu ya wanazuoni wachache wa kale, hasa Ibn Hazm wa Andalusia aliyefariki 1064, walioshikilia kwamba kunyonya ni kutia titi mdomoni, na kwamba umama wa maziwa unatokana na kukumbatiwa. Akaongeza kanuni ya shaka: hajulikani nani, haijulikani mara ngapi, basi hakuna uharamu. Desemba 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, likikutana Jeddah, lilikataa. Lilisema kunyonya ni kama nasaba, benki italeta mchanganyiko na shaka, na jamii za Kiislamu bado zina akina mama wa kunyonyesha. Kuhusu kunyweshwa maziwa kwa chupa au kijiko, rai ya wengi tangu zamani ni kwamba hukumu ni ileile ya titi.

Binafsi naona pande zote mbili ziliijua vizuri fiqhi. Zilitofautiana juu ya shaka. Qaradawi aliiona shaka kuwa rehema, Jeddah iliiona kuwa hatari, kwa kuwa shaka ya Shafii ilikuwa ajali ya usahaulifu, na hii ya benki inatengenezwa makusudi.

Matokeo yake yalifuata mipaka ya madhehebu kwa namna ya kushangaza. Iran, ambako fiqhi ya Jaafari inataka titi lenyewe, ilifungua benki yake ya kwanza Tabriz mwaka 2016 bila kikwazo cha sheria. Malaysia ilipiga fatwa ya kuzikataza mwaka 2011. Dhaka, mwishoni mwa 2019, kituo kilichokuwa tayari kufunguliwa kilisimamishwa baada ya notisi ya wakili. Lakini Nairobi, mwaka huohuo, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya kwanza ya Kenya, katika nchi yenye Waislamu wa Kishafii wengi na mahakama za kadhi zilizomo ndani ya katiba.

Wakati huohuo maziwa yanatumika kinyumenyume huko Ghuba na kwingineko, si kwa kuzuia udugu, bali kwa kuutafuta. Uislamu haukubali kumpa mtoto wa kulea ukoo usio wake, hivyo wanawake wanaochukua yatima hutumia dawa za kushusha maziwa, au humwomba dada anyonyeshe, ili mtoto akikua asiwe mgeni ndani ya nyumba. Ni shida ya Sahla, ila sasa inatatuliwa mtoto akiwa bado mchanga.

Karachi ilijaribu njia ya katikati. Taasisi ya watoto ya serikali ya Sindh ilipata kwanza ruhusa ya chuo cha kidini cha Darul Uloom Karachi kwa masharti: maziwa ya mama Mwislamu kwa mtoto Mwislamu, na kumbukumbu za kila mchangiaji kutunzwa na kukabidhiwa familia zote mbili. Benki ikazinduliwa Juni 2024. Ndani ya mwezi huo wanazuoni wa chuo hicho walitoa fatwa mpya, wakiona kwamba masharti hayo hayawezi kutimizwa kwa vitendo. Taasisi ilisimamisha kazi, ikatangaza kwamba itaomba mwongozo zaidi wa Darul Uloom na wa Baraza la Itikadi ya Kiislamu la Pakistan.